UZI: Jina la Kiselti *Maglokunos: lilikotoka, sarufi yake, na pale ujenzi wake unapoharibika

ShinaNaMzizi aliandika:

Wakuu, habari zenu.

Mitandaoni zimejaa orodha za "majina ya kale ya Waselti" (watu wa kale wa Ulaya, ambao Kiwelisi na Kiayalandi ni lugha za ukoo wao), kila jina na nyota yake na maana tamu pembeni, bila hata mstari mmoja wa kueleza jina hilo limepatikanaje. Naweka hapa jina moja tu tulichambue mpaka mwisho: *Maglokunos, linalotafsiriwa "mbwa wa kifalme" au "mbwa mkuu". Nimelichagua kwa sababu ushahidi wake ni mzuri kuliko wa majina mengi, na kwa sababu kosa linalofanywa juu yake ndilo hilohilo linaloharibu mengine yote: watu hawauangalii mwisho wa neno kabla ya kulirudisha nyuma.

Kwanza nyota. Ikiwekwa mbele ya umbo, maana yake umbo hilo halijaonekana limeandikwa popote, bali limejengwa upya kwa kulinganisha yaliyopo. Waliopitia isimu historia ya Kibantu kazi hii wanaijua. Kiswahili kina mbwa, Kiganda embwa, Kinyarwanda na Kirundi imbwa, na kutoka hapo tunarudi hadi Bantu Mame, lugha mama ya zote. Kwa Waselti utaratibu ni uleule, na imetokea kwamba hata mnyama ni yuleyule.

Sasa ushahidi, kila umbo na hali yake:

Jiwe la Nevern, Pembrokeshire, kusini magharibi mwa Welisi (Wales). Lina maandishi mara mbili. Kwa herufi za Kilatini: MAGLOCVNI FILI CLVTORI. Kwa Ogamu, herufi za kale za Waayalandi: MAGLICUNAS MAQI CLUTARI. Yote mawili yanasema "(jiwe) la Fulani mwana wa Fulani", kwa hiyo majina yote yapo katika umbo la umiliki. Hakuna hata moja lililo katika umbo la kiima.

Gildas, mwandishi wa Kilatini wa karne ya 6, anamkemea mfalme mmoja akimwita *Maglocune*. Hili ni umbo la kuita.

Kumbukumbu za Welisi zinazoitwa Annales Cambriae zinataja kifo cha Mailcun, mfalme wa Gwynedd (kaskazini mwa Welisi), katika tauni, mwaka 547. Hapa tuko kwenye Kiwelisi cha Kale, miisho imeshadondoka.

Kiwelisi cha baadaye mpaka leo: Maelgwn.

Mwenye jina la jiwe la Nevern na mfalme wa Gildas ni watu wawili. Jiwe linamtaja baba mwingine kabisa. Jina ni moja, watu ni tofauti, na kuwaunganisha ni kosa linalojirudia sana.

Vipande vya jina ni viwili. *Maglo-* ni "mkuu, mtawala", ndiyo Kiayalandi cha Kale *mál* na Kiwelisi *mael*, na chanzo chake ni mzizi wa Kihindi-Kiulaya (lugha mama ya lugha nyingi za Ulaya na India) wenye maana ya "kubwa". *Kun-* ni shina la "mbwa": Kiayalandi *cú*, umiliki *con*, Kiwelisi *ci*, wingi *cŵn*, Kibretoni *ki*. Ndugu zake wa mbali ni Kigiriki *kyōn, kynos*, Kisanskriti *śvā, śunas*, na Kijerumani *Hund*. Herufi C ya Kilatini kwenye mawe isomeke k kila mahali.

Safari kutoka *Maglokunos hadi Maelgwn ilikwenda hivi. Kwanza k iliyokaa kati ya irabu mbili ikalainika kuwa g. Kisha g iliyo mbele ya l ikapoa, ikawa sauti ya koo iliyolegea, halafu ikayeyuka kuelekea i. Silabi ya mwisho -os ikadondoka. Irabu kiungo -o-, inayounganisha vipande viwili, nayo ikadondoka. Kilichobaki kinatamkwa Mailgun, na kwa tahajia ya leo ni Maelgwn, ambamo w inasimama badala ya irabu u.

Mpangilio wa hatua hizo haugeuki. Irabu kiungo ingedondoka kabla k haijalainika, k ingejikuta imegusana na l, na Kiwelisi hugeuza -lk- kuwa -lch-, kama kwenye *golchi*, "kufua". Tungekuwa na *Maelchwn. Hatuna. Kwa hiyo ulainishaji ulitangulia na udondoshaji ukafuata. Kenneth Jackson, katika kazi yake ya 1953, alipanga mabadiliko haya kwa tarehe, na upotevu wa miisho anauweka karibu na karne ya 6 mwanzoni, yaani zama hizohizo za Gildas. Gildas anaandika *Maglocune* yenye silabi zote nne kwa sababu anaandika Kilatini cha wasomi, ambacho kilihifadhi tahajia ya zamani. Mtu wa kawaida wa Gwynedd huenda alikuwa ameshaanza kulifupisha jina hilo mdomoni.

---

NukuuYaJiwe aliandika:

Mkuu, nakuunga mkono, na ningependa tukae kidogo kwenye jiwe lenyewe, maana wengi hunakili usomaji wa vitabuni bila kujua ulivyo dhaifu.

Jiwe la Nevern sasa ni sehemu ya kingo ya dirisha ndani ya kanisa la Mtakatifu Brynach. Ogamu huchongwa kwenye ukingo wa jiwe na kwa kawaida husomwa kutoka chini kwenda juu. Herufi za asili ni 20, zimegawanywa makundi 4 ya herufi 5, na tofauti ndani ya kundi ni idadi ya mikato. Kundi la kulia la ukingo ni B, L, V, S, N (mkato 1 hadi 5). La kushoto ni H, D, T, C, Q. La mikato ya mshazari inayovuka ukingo ni M, G, Ng, Z, R. Irabu ni vitobo vidogo juu ya ukingo wenyewe: A 1, O 2, U 3, E 4, I 5.

Sasa lisome jina letu kwa mikato: M ni mshazari 1, A kitobo 1, G mshazari 2, L mikato 2 kulia, I vitobo 5, C mikato 4 kushoto, U vitobo 3, N mikato 5 kulia, A kitobo 1, S mikato 4 kulia.

Hatari iko wapi? Irabu ndizo zinazofutika kwanza, kwa sababu zimekaa kwenye ncha ya ukingo ambapo jiwe hugongwa na kumomonyoka. Kitobo kimoja kikipotea, U inakuwa O. Mkato mmoja wa kulia ukipotea, N inakuwa S. Mtu akikuletea usomaji mpya unaotegemea irabu moja ya Ogamu, muulize kwanza hali ya ukingo mahali hapo. Hapa Nevern tuna bahati kwamba Kilatini kinathibitisha mfupa wa konsonanti: M-G-L-C-N.

Na ule mwisho -AS ndio kiini cha mambo yote. Katika Ogamu, nomino za shina la -o, yaani shina linaloishia na o, zina umiliki wa -I. Ndiyo MAQI, "wa mwana". Nomino za shina la konsonanti zina umiliki wa -AS, kutoka -os ya zamani. Mfano mwingine wa wazi ni jiwe la Castell Dwyran, pia Welisi ya kusini magharibi: Kilatini VOTEPORIGIS, Ogamu VOTECORIGAS. Shina *rīg-*, "mfalme", linaishia na g, kwa hiyo lazima liwe -RIGAS. (Na C ile mahali pa P ni kwa sababu Ogamu ya mwanzo haikuwa na herufi ya p. Waayalandi waliweka sauti yao ya nyuma ya kinywa.)

Basi MAGLICUNAS inasema waziwazi: aliyechonga Ogamu alilichukulia jina hili kuwa ni shina la -n. Aliyechonga Kilatini akaweka -I ya shina la -o. Jiwe moja, mtu mmoja, sarufi mbili.

---

IrabuTano aliandika:

Asanteni sana wakuu. Naomba kuuliza kuhusu "mbwa" kwanza. Tunaambiwa umbo la Kihindi-Kiulaya lilianza na *ḱw-*, na mfuatano huo katika lugha za Kibritoniki (ukoo wa Kiwelisi na Kibretoni) na Kigauli (Kiselti cha kale cha Ufaransa) unageuka p. "Farasi", *eḱwos*, ni Kigauli *epo-*, wakati Kiayalandi kina *ech*. Kwa nini basi Kiwelisi hakisemi *pi kwa mbwa?

---

ShinaNaMzizi aliandika:

Swali zuri mno, na jibu lake linafundisha kutazama maumbo yote ya nomino badala ya moja.

Kiima kilikuwa *ḱwō*. Kiselti kiligeuza ō ya silabi ya mwisho kuwa ū. Tukapata *kwū, na hiyo w iliyobanwa kati ya k na ū ikamezwa: *kū. Maumbo mengine yote hayakuwa na w kama konsonanti hata kidogo, kwa sababu shina lake ni dhaifu: *kun-*, ambamo u ndiyo ile w iliyogeuka irabu. Kwa hiyo hakuna mahali popote kwenye nomino hii palipobaki kw ya kugeuzwa p. Kwenye "farasi", w ilifuatwa na o, haikumezwa, ikakaa mpaka zamu ya p ikafika.

Kutoka *kū, Kibritoniki kiligeuza ū ndefu kuwa ī, ndiyo *ci* ya Kiwelisi. Kiayalandi kiliiacha: *cú*. Umiliki *kunos ukawa *con* kwa Kiayalandi, kwa sababu o ya mwisho iliishusha u ya mbele yake kabla yenyewe haijadondoka.

---

NgeliZaKale aliandika:

Naongeza mnyambuliko mzima, maana bila huo mjadala wa -cuni na -cunas unaelea hewani.

Njia ya kwanza, jina likifuata shina la -n, yaani kipande cha pili kinanyambuliwa kama "mbwa" mwenyewe:

kiima: *Maglokū
yambwa: *Maglokunam
umiliki: *Maglokunos
kupewa: *Maglokunei

Njia ya pili, jina likihamishiwa shina la -o:

kiima: *Maglokunos
kuita: *Maglokune
yambwa: *Maglokunom
umiliki: *Maglokunī
kupewa: *Maglokunūi

Tazameni vizuri: *Maglokunos* inatokea kwenye safu zote mbili, ila kazi ni tofauti. Kwenye ya kwanza ni "wa Fulani", kwenye ya pili ni "Fulani" mwenyewe. Ukiona mtu ameandika tu "*Maglokunos" bila kusema umbo gani na shina gani, hajamaliza kusema.

Na kiima kipi kilizaa Maelgwn? Tunaweza kupima. *Maglokū ingeendelea Kiwelisi, ū ingekuwa ī, na jina lingeishia -gi. Mfano upo: *Wirokū, "mtu-mbwa", ndiyo Kiwelisi *Gwrgi* na Kiayalandi *Ferchú*. Annales Cambriae zinamtaja Gwrgi pamoja na Peredur mwaka 580. Kwa hiyo Kiwelisi kilikuwa na njia zote mbili: Gwrgi alitoka kwenye kiima cha zamani, Maelgwn alitoka kwenye umbo la -kunos. Maelgwn haiwezi kutoka *Maglokū, hata ulazimishe vipi.

Uhamisho huu kutoka shina la -n kwenda shina la -o una mantiki. Mnyambuliko wa *kū / *kun-* una maumbo mawili yasiyofanana, wakati wa -os unakwenda kwa mstari mmoja na ndio uliotawala majina ya wanaume. Kilatini pia kilisukuma upande huohuo: karani akishaandika MAGLOCVNI, -VS na -I zinakuja zenyewe.

Tahadhari moja kuhusu umiliki wa -ī. Kigauli kinao, Ogamu inao, Kilepontia (Kiselti cha kale cha Italia ya kaskazini) kina -oiso na pia -i, lakini Kiseltiberia cha Uhispania kinatumia -o. Kwa hiyo ile *Maglokunī niliyoweka hapo juu ni salama kwa Kibritoniki na kwa Kiayalandi cha mwanzo. Kuibandika lebo ya Kiselti Mame ni jambo ambalo wataalamu bado wanabishania.

---

MpendaNasaba aliandika:

Wakuu, kwa hiyo Malcolm nalo linaingia humu? Nimeliona kwenye tovuti kadhaa za majina likiwekwa fungu moja na Maelgwn, kwamba yote yana "mael, mkuu".

---

NukuuYaJiwe aliandika:

Halimo kabisa, na huu mtego umewanasa wengi.

Malcolm ni Kigaeli (Kiselti cha Ayalandi na Uskoti) *Máel Coluim*, "mtumishi wa (Mtakatifu) Columba". *Máel* hapo ni "mwenye kipara, aliyenyolewa utosi", kwa maana ya mtu aliyejitoa kwa mtakatifu. Ndugu yake wa Kiwelisi ni *moel*, kipara. Neno la "mkuu" kwa Kiayalandi ni *mál*, lenye a ndefu tupu, kwa sababu Kiayalandi kiliidondosha g ya *maglos na kurefusha irabu iliyotangulia. Kwa hiyo *mael* ya Kiwelisi inalingana na *mál* ya Kiayalandi, na *máel* ya Kiayalandi inalingana na *moel* ya Kiwelisi. Zinafanana kwa macho tu.

Tena muundo ni tofauti. Máel Coluim ni maneno mawili, la pili likiwa katika umiliki. Maelgwn ni neno ambatani moja. Vivyo hivyo Cú Chulainn, "mbwa wa Culann", ni maneno mawili. Ukitaka umiliki wake unanyambua neno la kwanza: *Con Culainn*. Hakuna irabu kiungo wala udondoshaji wa ndani. Majina ya maneno mawili na majina ambatani yasichanganywe kwenye jedwali moja.

Mitego mingine ya karibu:

*Cyn-* ya Kiwelisi si lazima iwe *Kuno-*. Yaweza kutoka *Kintu-*, "wa kwanza". Cyndeyrn (Kentigern wa Glasgow) amegawanya wataalamu kwa sababu hiyohiyo, na Annales Cambriae zinaandika Conthigirn mwaka 612. Usiweke mbwa kwenye kila Cyn- unayokutana nayo.

*-mor*. Jiwe la karibu na Fowey, Cornwall, linasema DRVSTANVS HIC IACIT CVNOMORI FILIVS. Je, ni *mori*, "bahari", au *māros*, "mkubwa"? Kiwelisi *Cynfawr* kinaonyesha *māros*, na O ya jiwe inaonyesha kwamba ā ndefu ilikuwa imeshaanza kutamkwa kwa kuviringa midomo. Wanaotafsiri "mbwa wa bahari" wameisoma tahajia ya karne ya 6 kana kwamba ni ya Kiselti Mame.

Tafsiri za watu wa kale wenyewe. Gildas anamwita mfalme mwingine *Cuneglase* na kusema kwa Kilatini maana yake ni "mchinja-nyama mwenye rangi ya manjano-kahawia". Kiwelisi ni *Cynlas*, na *glas* ni rangi ya buluu, kijani au kijivu. Gildas alikuwa anatukana, hakuwa anafasiri. Na jicho likae kwenye -e: Cuneglase, Maglocune, Aureli Canine, yote ni ya kuita, maana anawahutubia. Wapo waliochukua -e hiyo wakaunda kiima chenye e mwishoni. Huyo Caninus naye, kwa Kilatini "wa mbwa", wengi wanaona Gildas amecheza na jina la Kibritoniki lenye *kun-* ndani yake.

---

IrabuTano aliandika:

Nimewaelewa vizuri. Limebaki hili la maana. *Maglokunos na *Kunomaglos, vipande vilevile vimegeuzwa. Maana inageuka pia au ni mapambo tu?

---

NgeliZaKale aliandika:

Sarufi inageuka, na kiasi fulani maana pia.

Sisi tumezoea ambatani ambayo kichwa, yaani neno kuu, kinatangulia: mwanajeshi ni *mwana* kwanza, jeshi linafuata kumfafanua. Kiselti cha kale kilifanya kinyume. Kifafanuzi hutangulia katika umbo la shina tupu bila mwisho wowote wa uhusika, irabu kiungo -o- inafunga, kichwa kinakuja mwisho, na kichwa ndicho kinachobeba miisho yote. Kwa hiyo *Maglo-kun-* ni mbwa, wa aina ya kikuu. *Kuno-maglos* ni mkuu, wa aina ya mbwa: "mkuu kama mbwa" au "mkuu wa mbwa".

*Kunomaglos nalo lina ushahidi. Huko Nettleton Shrub, Wiltshire, madhabahu ya zama za Warumi inasema DEO APOLLINI CVNOMAGLO, "kwa mungu Apollo Cunomaglos", imewekwa na mtu aitwaye Corotica. Mwisho -O ni wa kupewa wa Kilatini. Kiselti kingesema -ūi. Kwa mungu, "bwana wa mbwa" inakaa vizuri. Kiwelisi kiliendelea nalo kama jina la watu, Cynfael, ambamo m imelainika kuwa f (tamka v). Kiayalandi kina Conmál. Upande huu mnyambuliko hauna utata wowote, kwa sababu kichwa *maglos* kilikuwa shina la -o tangu asili.

Jambo la kuzingatia ni kwamba majina ya vipande viwili katika lugha za Kihindi-Kiulaya yaliundwa kutoka akiba ya vipande vilivyopendwa, na vipande viligeuzwa na kuchanganywa ndani ya ukoo. Wagiriki walifanya hivyo, Wajerumani wa kale pia. Kwa hiyo si kila jina lilikuwa sentensi yenye ujumbe. Mbwa alipendwa kwa sababu ya vita na uwindaji. Kiayalandi kilimwita hata mbwa mwitu *cú allaid*, "mbwa wa porini", na shujaa kuitwa *cú* ilikuwa sifa. Vipande vyenzake ni vingi: CVNOVALI kwenye jiwe la Men Scryfa huko Cornwall (Kiwelisi Cynwal, Kiayalandi Conall), na Cunobelinus, mfalme wa Camulodunum, yaani Colchester ya leo, aliyechapa sarafu zenye CVNO katika miongo ya kwanza ya karne ya 1 B.K. Kiwelisi kilimwita Cynfelyn. Na wanawake wamo: jiwe la Hayle, Cornwall, ni la Cunaide, aliyeishi miaka 33.

---

MlinganishoHuru aliandika:

Nimesoma uzi wote na naukubali, ila kichwa cha habari nakipinga. Kinasema "la Kiselti". Ushahidi wote wa *Maglokunos unatoka Welisi. Hata Ogamu ya Nevern imechongwa Welisi, na Waayalandi waliohamia Dyfed, kusini magharibi mwa Welisi. Hilo ni jina la Kibritoniki. Kwa nini tulirudishe nyuma zaidi ya hapo?

---

ShinaNaMzizi aliandika:

Hoja nzito, na inastahili jibu refu kidogo.

Tutenganishe ngazi tatu. Vipande *maglo-* na *kun-* vina haki kamili ya kuitwa Kiselti Mame: vinapatikana matawi yote mawili ya visiwani, kanuni za sauti zinakwenda sawa, na *kun-* ina ndugu mpaka India. Kanuni ya kuunganisha (kifafanuzi mbele, shina tupu, -o-, kichwa nyuma) nayo ni ya Kiselti Mame na imerithiwa kutoka nyuma zaidi. Lakini ambatani yenyewe, kwamba kulikuwa na mtu aliyeitwa hivyo Waselti wangali jamii moja ya lugha, mwanzoni mwa milenia ya kwanza K.K. au kabla yake, hiyo haithibitiki kwa vipande. Jina lingeweza kuundwa Welisi karne ya 4 B.K. kwa vifaa vya zamani, na likaonekana la kale vilevile.

*Kunowalos ina hali nzuri zaidi, maana Cynwal na Conall zipo pande zote mbili za bahari. Hata hapo, vipande vikiwa maarufu, watu wawili wanaweza kuunda jina moja bila kurithi.

Ila sikubali kwamba Ogamu ya Nevern haina uzito. Fikiria alichofanya yule mchongaji. Mbele yake kuna jina la Kibritoniki lenye umiliki wa -ī. Angeweza kuandika MAGLICUNI, na -I ilikuwa mwisho anaoujua, ameutumia kwenye MAQI palepale. Badala yake ameandika -CUNAS. Yaani alitambua "mbwa" ndani ya jina, akalinyambua kwa mnyambuliko wa mbwa wa lugha yake. Hilo ni moja ya mawili: ama jina lilikuwepo Kiayalandi na shina lake la -n, ama alilifasiri kipande kwa kipande. Vyovyote iwavyo, inathibitisha kwamba vipande vilikuwa hai na vinaeleweka kwa wasemaji wa lugha zote mbili, na kwamba umbo la -n ni kongwe kuliko la -o. Ndiyo sababu nikilazimishwa kuandika kiima cha Kiselti Mame nitaandika *Maglokū, umiliki *Maglokunos. *Maglokunos kama kiima nitaiandikia "Kibritoniki", na hapo nakubaliana nawe asilimia mia.

---

MlinganishoHuru aliandika:

Kwa mpangilio huo sina pingamizi. Basi anayeandaa jedwali la majina aweke safu hizi: umbo lilivyoandikwa, mahali, uhusika, shina, na ngazi. Mstari wa Nevern utakuwa na maingizo mawili, si moja: MAGLOCVNI, umiliki, shina la -o; MAGLICUNAS, umiliki, shina la -n.

Na ile I ya MAGLI- isirekebishwe kuwa O kwa ajili ya kulinganisha na Kilatini. Irabu kiungo isiyo na mkazo ilikuwa imeshaanza kuyumba katika Ogamu. Kwa kawaida utaona -A-, kama CUNA- kwenye CUNAGUSSOS, ambayo Kiayalandi cha baadaye ni Congus. Iachwe kama ilivyochongwa.

---

MpendaNasaba aliandika:

Na Mailcun ya mwaka 547 niiandike kwa c au kwa g? Maana Maelgwn ina g.

---

NukuuYaJiwe aliandika:

Iandike kwa c, kama ilivyo kwenye hati. Tahajia ya Kiwelisi cha Kale iliendelea kuandika p, t, c katikati ya neno hata pale ulimi uliposema b, d, g, kwa kufuata mazoea ya Kilatini kilichosomwa kwa matamshi ya Kibritoniki. Ndiyo maana Gwrgi nayo inaonekana Guurci. Usiichukue c hiyo kuwa ushahidi kwamba k ilikuwa haijalainika. Kwenye safu ya matamshi weka /g/, kwenye safu ya hati acha c.